Mapazia kutoka Oldham

Walishuka gatini mwaka wa arobaini na saba,
mume, mke, na binti mwenye magoti mekundu,
masanduku saba na cherehani ya mkono.
Meli iliwatoa Kisumu; kabla ya Kisumu, treni;
kabla ya treni, Mombasa; kabla ya Mombasa
bahari ambayo Bi Hilda aliitapikia mpaka Suezi.
Jina lao, Entwistle, lilitushinda.
Tukasema Bwana Entiwiso, naye akaitika.

Baba yangu, Lubango, karani wa mizani kinuni,
ndiye aliyetumwa kuwaonyesha nyumba:
ile ya Isamilo, juu ya mawe, bomba halitoi maji.
Hakuwaambia kwamba naye alirudi juzijuzi
kutoka vita vilevile, kwa upande wa Burma,
na koti la Keya lenye tundu begani
na ahadi ya shamba. Ahadi hiyo
bado iko njiani.

Usiku wa kwanza usubi ulipanda kutoka ziwani,
wingu zima, likivuma kama kitu chenye rubani.
Bi Hilda akazima taa zote.
Akafungua sanduku la nne
akatundika mapazia meusi, mazito kama blanketi,
yaliyowaficha miaka ile ndege zisiwaone.
Alfajiri mpishi aliwakuta chini ya meza,
mama na mtoto, joto limewachemsha kama viazi.
Kirumba nzima ilicheka.
Baba hakucheka. Alisema tu:
Yule anaijua sauti.

Sukari aliipima kwa kijiko, akakisawazisha kwa kisu.
Kitabu cha mgawo alikilaza kwenye droo,
kuponi zake hazijakatwa,
kana kwamba iko siku Popatlal dukani
atanyoosha mkono kuzidai.

Mumewe alikuja kwa ajili ya injini,
lakini kilichomsimamisha ni pamba.
Kwao aliiona tangu utotoni ikifika ndani ya robota,
imebanwa kwa chuma, haina shina wala mwenyewe.
Hapa aliikuta kichwani mwa mama yangu, Milembe,
ina joto la jua, ina mbegu, ina buibui ndani.
Aliitia vidole, akasema kwa Kiswahili cha meli:
Kumbe ni wewe.
Mpaka anakufa mama alishikilia
kwamba aliyeambiwa ni pamba, si yeye.

Nilipoandikiwa shule sikuwa na kaptula.
Bi Hilda alishusha pazia la chumba cha Doreen,
akanipima kiuno kwa kamba ya robota,
cherehani ikalia mchana kutwa.
Basi nikaenda darasani nimevaa giza la Oldham.
Liliwasha mapajani. Lilinuka moshi wa makaa ya mawe,
harufu ambayo sabuni haikuiweza,
na wenzangu wakaniita Behewa.
Doreen alinizunguka mara mbili, akapasuka kwa kicheko:
Wewe Shija, umekalia dirisha langu!

Waliondoka mwaka wa sitini na mbili, masanduku matatu.
Hawakurudi Oldham. Barua zilisema
vinu vya kule vinafungwa kimoja baada ya kingine,
na Bi Hilda alimwambia mama, wakichambua dagaa barazani,
kwamba kwao sasa angekuwa mgeni mwenye deni la makaa.
Walikwenda Australia. Alikata tiketi
kama mtu anayebadilisha kitanda kwa sababu ya kunguni.
Doreen aliniachia atlasi. Ziwa letu humo
lilikuwa limepakwa buluu isiyokuwako.

Baba alimwazima Bwana Entiwiso lile koti, usiku wa mvua,
siku ile ya gatini. Halikurudi.
Hakulidai. Alisema huenda huko liendako
kuna shamba.

Na kaptula? Nilipoizidi, mdogo wangu aliivaa,
akaipasua matakoni juu ya mawe ya Nera.
Mama alikata palipobaki pazima,
akapafanya kitambaa cha kufutia chimni ya taa.
Kila jioni kilisugua masizi, miaka na miaka,
na kwa kuwa kilikuwa cheusi
hatukujua kamwe kimechafuka kiasi gani.